Gobori la gumegume nililonunua hapa Lubumbashi: ni la kale kweli? Na je, ni salama?

#1 mwana_katuba

Ndugu zangu, salamu kutoka Katuba. Nina kikundi cha maigizo, vijana kumi na wanne, na tunatayarisha igizo la siku za mwisho za Msiri, mfalme wa zamani wa hapa Katanga, kule Bunkeya, makao yake. Miaka yote tumetumia bunduki za mbao zilizopakwa rangi. Juma lililopita mtu mmoja anayehama mji, anayeuza vitu vya nyumba, aliniita akanionyesha bunduki ndefu imelala nyuma ya kabati. Akasema ni ya wakati wa mababu, ya njia za misafara. Nimempa dola 180, nikaibeba hadi nyumbani imezungushiwa kitenge cha mke wangu.

Nawaeleza ninachokiona. Urefu wote ni sentimita 149 kwa mita ya fundi cherehani. Mtutu peke yake ni kama 106. Bamba la kitakoni na lile linalozunguka kifyatulio ni shaba ya njano. Ubavuni, kwenye bamba la mtambo, pamechorwa taji na herufi GR, halafu nyuma yake GRICE 1762. Jiwe la gumegume bado liko, limebanwa na kipande cha ngozi. Mdeki, ule ufito wa kushindilia, ni wa chuma. Mdomo wa mtutu ni mpana, kidole changu cha shahada kinaingia bila kubanwa.

Naomba kujua mambo matatu. Ni ya 1762 kweli? Ilikuwa ya watu wa Msiri? Na siku ya onyesho, je, tunaweza kutia baruti kidogo tu, bila risasi, ili watu wasikie mlio na waone moshi?

#2 msafiri_kipushi

Yaya, mwaka umeandikwa hapo hapo, unauliza nini tena? Umeokota mali. Usiiachie chini ya dola elfu mbili.

#3 fundi_mstaafu

Mwanangu wa Katuba, kwanza toa kidole chako kwenye mdomo wa mtutu na usikirudishe. Nimefanya kazi ya chuma kwenye ateliye ya mgodi miaka 31, na nimetengeneza magobori ya wawindaji wengi. Mambo ya mwaka na bei yatasubiri. Jibu la kwanza unalolihitaji ni hili: imeshindiliwa au haijashindiliwa?

Bunduki ya kisasa unafungua nyuma unaona. Gobori halifunguki nyuma. Linashindiliwa kwa mdomo, baruti inakaa chini kabisa gizani, na mwenye nalo anaweza kufa, likarithiwa, likauzwa, likatundikwa ukutani, na bado lina kitu tumboni. Usimwamini muuzaji. Usiniamini hata mimi.

Fanya hivi leo. Watoto watoke uani. Legeza skrubu ya jogoo, yaani kile chuma kinachoshika jiwe (wengine hapa wanakiita mbwa kwa kufuata Wafaransa), utoe jiwe lote, uliweke mfukoni. Jogoo awe ameshuka, na kifuniko cha kifa kiwe wazi. Kifa ni kile kibakuli kidogo cha ubavuni kinachowekwa baruti ya kuwashia. Kama kuna unga mweusi ndani yake, ufute kwa kitambaa chenye maji. Lenga mtutu kwenye kichuguu au lundo la udongo, wala usisimame mbele yake hata mara moja.

Sasa chomoa mdeki, uutumbukize polepole ndani ya mtutu kutoka ubavuni, uso wako uwe mbali na mdomo. Ukigota, tia alama ya chaki kwenye mdeki pale ulipo mdomo wa mtutu. Utoe, uulaze juu ya mtutu kwa nje, alama ikae sawasawa na mdomo. Tazama ncha yake inafika wapi. Kwenye mtutu mtupu itafika karibu kabisa na tundu la kifa. Ikiishia kabla, kuna kitu ndani. Rudi utuambie.

#4 mwana_katuba

Papa, nimepima mara tatu. Ncha inaishia sentimita saba kabla ya tundu.

Mikono yangu inatetemeka ninapoandika. Jumapili baada ya misa mpwa wangu wa miaka 12 aliichukua sebuleni, akamvuta jogoo nyuma kwa mikono miwili, akafyatua. Tuliona cheche. Watoto wakapiga makofi. Nilicheka pamoja nao. Mtutu ulikuwa unaelekea mlango wa jikoni, na mama yao alikuwa anapika huko.

#5 fundi_mstaafu

Mungu amewahurumia. Kifa kilikuwa kitupu, basi. Kama kungekuwa na chembe chache za baruti pale, cheche zingepita tunduni.

Sikiliza vizuri. Baruti nyeusi haizeeki. Ni shura, makaa na salfa, vitu ambavyo visipoguswa na maji hukaa vilevile miaka mia. Watu wanafikiri kilichokaa muda mrefu kimekufa. Hakijafa.

Usiifyatue "ili itoke". Hujui nani aliishindilia, alitia kiasi gani, na alitia baruti gani. Usitoboe kwa drili. Usiweke karibu na moto au jua kali la bati. Nitakuja mwenyewe Jumamosi, maana bunduki hiyo haitembezwi mjini bila karatasi. Kabla sijafika, isimamishe mdomo juu kwenye kona ya nje iliyofungwa, mimina maji mpaka mtutu ujae, na uwe unaongeza yanapopungua kwa kuvujia tunduni. Kutu kidogo si kitu. Tutaifuta.

#6 bibi_kumbukumbu

Naingia hapa kwa sababu nimetumia maisha yangu kuorodhesha vitu vya zamani vya mkoa wetu, na kila mwaka naletewa "bunduki ya Msiri". Fundi amekwisha kusema la muhimu. Mimi nitakwambia ulichonacho, kwa maana ulivyoieleza inasema mengi.

Mwaka ulioandikwa kwenye bamba la mtambo si cheti cha kuzaliwa. Grice alikuwa fundi wa Birmingham aliyeuzia serikali ya Uingereza mitambo ya bunduki katika karne ya 18, na GR na taji ni alama ya mfalme George. Bunduki yenyewe ni aina ambayo askari wa Uingereza waliiita Brown Bess. Ile ya mwanzo ilikuwa na mtutu wa sentimita 117 hivi, ikafuata fupi ya 107, kisha iliyotoka kwenye kampuni ya biashara ya India, ya 99. Wewe umepima 106. Basi umbo ni la ile fupi. Pia tazama jinsi mtutu unavyoshikwa na mbao: ya Kiingereza hushikwa kwa pini ndogo zinazopita mbaoni, haina mikanda. Ukiona mikanda mitatu ya chuma inayozunguka mtutu, hiyo ni ya Kifaransa, na mdomo wake ni mwembamba kidogo, milimita 17 na nusu, wakati ya Kiingereza ni 19.

Lakini umbo linaigwa. Kuanzia miaka ya 1960 na 1970, Wamarekani walipokuwa wakijiandaa kusherehekea miaka 200 ya uhuru wao hapo 1976, viwanda vilianza kutengeneza upya bunduki hizi kwa ajili ya watu wanaoigiza vita vya zamani. Miroku ya Japani ilizitengeneza. Pedersoli ya Italia, iliyoanza 1957 pale Gardone Val Trompia, inazitengeneza mpaka leo, na Brown Bess yake huchorwa maneno hayo hayo uliyoyasoma: GRICE 1762. Nyingine hutoka India. Hizo ni za kuangaliwa mara mbili, kwa sababu nyingi huuzwa kama mapambo, bila tundu la kifa kutobolewa na bila kupimwa na serikali yoyote, halafu mnunuzi anajitobolea mwenyewe. Kuna pia za kutundika ukutani tu, za zinki. Hizo sumaku haizishiki.

Kwa hiyo mtutu utakapotolewa kwenye mbao, tazama upande wa chini. Mwongo anaweza kuchora juu anachotaka, ila huku chini ndiko ofisi za kupimia bunduki zinakogonga mihuri yake. Ukiona duara la yai lenye herufi ELG, hiyo ni Liège, Ubelgiji. Kama kuna taji juu ya yai hilo, imepimwa kuanzia 1893. Ya Italia ina nyota yenye meno na herufi PN chini yake, yaani baruti nyeusi, na mahali fulani kuna kijisanduku chenye herufi mbili. Herufi hizo ni mwaka. AA ni 1975, AB ni 1976, na kuendelea, ila wanaruka herufi kadhaa, hivyo usihesabu kwa vidole. Niandikie unachokiona nikusomee.

Na sasa Msiri, kwa kuwa wewe unaandika igizo na watoto watakusikiliza. Aliuawa Bunkeya tarehe 20 Desemba 1891 na Bodson, mmoja wa maofisa wa msafara wa Stairs, uliotumwa kwa ajili ya mfalme Leopold wa Ubelgiji, na Bodson naye akafia hapo. Bunduki na baruti za Bunkeya zilikuja kwa biashara, kwa pembe za ndovu na shaba, kutoka pande mbili: magharibi hadi Benguela, na mashariki kwa wafanyabiashara wa Waswahili. Usiwavike watu wa Bunkeya bunduki ya askari wa mfalme wa Uingereza ya karne nyingine kwa sababu tu imeandikwa mwaka.

Kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui, na ningependa uliingize kwenye igizo. Mataifa yalipokutana Brussels wakatia sahihi mkataba wa 1890, walikataza bunduki za kisasa kuingizwa kwa biashara katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini waliruhusu, kwa masharti, bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida. Wakati huo majeshi ya Ulaya yalikuwa yameacha gumegume kwa karibu miaka hamsini. Ndiyo maana viwanda vya Liège viliendelea kuzitengeneza kwa ajili yetu. Watu husema babu zetu walikuwa na bunduki za kale kwa sababu hawakujua mpya. Mpya walizijua vizuri sana. Zilikuwa zimeelekezwa kwao.

#7 mwindaji_wa_zamani

Asante mama. Babu yangu alikuwa na moja yenye yai na taji. Tuliiuza kwa chuma chakavu.

#8 mwana_katuba

Jumamosi jioni. Naandika kwa utaratibu, kwa maana fundi ameniambia niandike yote ili yamsaidie mwingine.

Alifika saa mbili asubuhi na mfuko wake. Maji yalikuwa yamekaa siku tatu. Alimwaga, maji yakatoka meusi kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Akafunga kwenye ncha ya mdeki kidude kama mizizi miwili iliyosokotwa, akauingiza, akazungusha polepole huku amesimama ubavuni, kisha akavuta. Kwanza ilitoka karatasi. Tuliikunjua juu ya kiti: ukurasa wa daftari ya shule, mistari ya buluu bado inaonekana, na hesabu za kujumlisha zimeandikwa kwa kalamu ya risasi. Halafu akabadilisha, akaweka skrubu yenye ncha, akaigonga kwenye risasi, ikauma, akaivuta. Goroli ya risasi, nzito, imekunjamana kidogo. Nyuma yake uji mweusi wenye harufu ya yai bovu.

Yaani hakuna babu wa misafara aliyeishindilia. Ni mtu wa siku hizi, mwenye mtoto shuleni.

Akarudia kupima kwa mdeki. Sasa unafika kwenye tundu. Tukamimina maji safi mpaka yakatoka tunduni meupe, tukakausha, tukapaka mafuta.

Baadaye akasukuma pini kwa msumari butu, akatoa mtutu kwenye mbao. Chini yake, mama, nimeona nyota, PN, namba ndefu ya kiwanda, na kijisanduku chenye AP.

#9 bibi_kumbukumbu

AP ni 1986. Ni ya Italia, imepimwa kwa baruti nyeusi. Mtu mwenye umri wa bunduki yako bado anacheza mpira siku ya Jumapili.

Usihuzunike. Ni nakala nzuri, na dola 180 si hasara. Ila mihuri hiyo usiipige msasa hata kidogo. Ndiyo ushahidi kwamba mtutu huu uliwahi kufyatuliwa kwa kipimo kikubwa kuliko cha kawaida, mbele ya watu wa serikali, ukastahimili. Ukiufuta, umebaki na bomba.

#10 fundi_mstaafu

Mama amesema kweli, lakini muhuri wa 1986 unasema mtutu ulikuwa mzima 1986. Hausemi kitu juu ya miaka iliyofuata. Nawaandikia nilichokikagua, kwa maana watu wananiuliza kwenye simu.

Ndani ya mtutu: baada ya kuhakikisha ni mtupu na mkavu, niliteremsha kitaa kidogo kwa uzi hadi chini nikatazama. Mtutu mzima unang'aa kwa duara moja baada ya duara. Ukiona duara la giza mahali ambapo kuna mwanga, hapo chuma kimevimba. Mtu alifyatua wakati risasi haijafika chini, au udongo uliziba mdomoni. Mtutu uliovimba haufanyiwi matengenezo. Huu haujavimba. Una vishimo vya kutu karibu na chini, pale uji ule ulipolala. Navyo sivipendi. Baruti nyeusi ikibaki inavuta unyevu na kula chuma, na huko chini ndiko nguvu yote inakozaliwa.

Kizibo cha nyuma: sikukifungua, na wewe usikifungue, maana kikifunguliwa vibaya nyuzi zake hazirudi mahali. Nilitafuta alama za moshi kwenye kiungo. Hakuna.

Tundu la kifa: jipya huwa milimita moja na nusu au mbili. Hili limepanuka, limekuwa na umbo la yai. Mtu amefyatua sana, au amelichokonoa kwa msumari. Likipanuka, moto mwingi unatoka ubavuni.

Mtambo ndio ulionitisha zaidi. Jogoo ana vituo viwili: nusu, ambapo anapaswa kulala salama hata ukivuta kifyatulio, na kamili. Niliweka kipande cha mti laini mahali pa jiwe ili chuma kisigongane, nikamweka nusu, nikavuta. Alianguka. Nikajaribu tena, akaanguka mara tatu kati ya tano. Jino la ndani limelika. Maana yake bunduki hii, ikiwa imeshindiliwa na imelala nusu begani mwa mtu, inaweza kujifyatua yenyewe akiruka mfereji. Kwa kamili, niliposukuma mgongo wake kwa kidole gumba, alikaa. Lakini nusu ni muhimu zaidi, kwani hapo ndipo mtu anapojiona salama.

Mbao: ufa mwembamba kwenye shingo ya kitako, nyuma ya mtambo. Na mchwa wamekwisha kuonja upande wa chini. Lubumbashi hatuna kitu cha mbao ambacho hawajakionja.

Kwa hiyo neno langu ni moja: haifyatuliwi. Si kwa risasi, si kwa baruti peke yake.

#11 msafiri_kipushi

Mzee, naomba radhi kwa nilichoandika mwanzo. Lakini baruti peke yake inaua nini? Na wawindaji wetu mbona kila siku wanapiga pupu, magobori ya kujitengenezea kwa bomba la maji na skrubu?

#12 fundi_mstaafu

Nimewazika wawili. Pupu haina muhuri wa mtu yeyote. Bomba lina mshono wa kulehemu, na mwenye nalo, akikosa baruti nyeusi, anapasua risasi ya kisasa na kumimina unga wake. Unga huo haufanani na baruti nyeusi hata kidogo. Shinikizo lake linapanda haraka mno, na mtutu wa gobori, hata wa Italia wenye mihuri, haukutengenezwa kwa hilo. Mmoja kati ya hao wawili nilimtengenezea kifyatulio mimi mwenyewe. Hakuniambia anatumia unga gani, nami sikuuliza. Sasa nauliza kila mtu.

Kuhusu "baruti peke yake": kizibo cha karatasi kinachotoka mdomoni kwa mita chache ni risasi. Na tundu lililopanuka linatupa moto kuliani mwa mpigaji, urefu wa mkono. Jukwaani kulia kwake kuna nani? Kijana mwingine, amevaa mabua na vitenge.

#13 bibi_kumbukumbu

Naongeza la karatasi. Sheria ya nchi ya silaha na risasi, namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, haikupi ruhusa ya kujiamulia kwamba chako ni pambo. Nakala ya 1986 inayofyatuka si kitu cha kale. Nenda kwenye ofisi ya mkoa bila bunduki, ila uwe na picha za mihuri, namba ya kiwanda, na karatasi ya mauzo. Kama muuzaji hakukupa karatasi, mrudie kabla hajahama.

#14 mwana_katuba

Nimempata jana akifunga masanduku. Ameandika na kutia sahihi. Nilimwonyesha karatasi ya daftari na goroli. Alikaa kimya, kisha akasema aliinunua kwa mtu mwingine miaka sita iliyopita, na ilikuwa imetundikwa juu ya kitanda cha mwanawe muda wote huo.

Ofisini wamepokea picha, wameniambia nirudi Alhamisi. Hadi hapo, mtambo uko kwa fundi, mtutu na mbao ziko kwangu ndani ya sanduku lenye kufuli, jiwe liko mfukoni mwangu. Swali la mwisho, papa: ule uji mweusi uko kwenye ndoo ya maji nyuma ya nyumba. Nifanye nao nini?

#15 fundi_mstaafu

Usiuache ukauke, ukikauka utawaka tena. Ongeza maji mengi, koroga, umwage kwa kuutawanya kwenye bustani ya mke wako. Shura inayeyuka, na mahindi yanaipenda. Suuza ndoo mara mbili.

Kuhusu mlio wa onyesho: nina ngoma kubwa ya ngozi ya ng'ombe ya marehemu kaka yangu. Ukiipiga mara moja kwa rungu lililofungwa kitambaa, nyuma ya pazia, watu wa viti vya mbele watashtuka. Njoo uichukue Jumatano, na uje na yule mpwa wako. Nataka apime mdeki mbele yangu.